Vipande vya diski visivyo na herufi: ni vya nini, na je, vinaweza kufutwa?

Bint Langoni, Lamu

Assalamu alaykum ndugu zangu. Naomba msaada wa mtu anayeelewa mambo ya diski za kompyuta, kwa sababu nimepewa shauri ambalo moyo wangu haujaliridhia, na kompyuta yenyewe ndiyo inayobeba hesabu na picha zote za nyumba ya wageni ninayoisimamia Shela.

Ni laptopu ya mtumba iliyonunuliwa Mombasa. Ilikuja na Windows 10, na baadaye ikapandishwa hadi Windows 11. Muuzaji aliandika kwamba diski yake ni ya GB 256. Sasa mstari wa C, yaani sehemu ya diski yenye Windows na faili zangu, umegeuka mwekundu, na kila nikitaka kuhifadhi picha mpya za vyumba naambiwa kwamba nafasi imekwisha. Kijana wa jirani alinionyesha kwamba nikiandika diskmgmt.msc nitaona diski nzima ilivyopangwa, na hapo ndipo nilipoona mambo ambayo sikuyajua. Jumla ya diski imeandikwa GB 238.47 badala ya 256. Mchoro wenyewe umegawanyika vipande vinne: cha kwanza ni kidogo mno, MB 100; cha pili ndicho C, chenye GB 222.74, cha tatu ni MB 625, na cha mwisho ni GB 15. Ukiondoa C, vingine vyote havina herufi, na wala havionekani ninapofungua faili zangu kwa njia ya kawaida. Nikibofya kulia juu yake, amri ya kufuta haipatikani.

Kijana anasema hivyo ni takataka za kampuni, kwamba anaweza kuvifuta vyote kwa diskpart, programu ya Windows ya kupanga diski kwa kuandika amri, na kwamba C itapanuka papo hapo. Nimemwomba asubiri. Ningependa kujua vipande hivi vinafanya kazi gani, kwa nini vimefichwa, kipi kinaweza kuondoka bila kompyuta kudhurika, na hizo GB 17 na zaidi zisizoonekana popote zimekwenda wapi.

Fundi wa Mkomani, Lamu

Wa alaykum salaam, dada. Umefanya vyema kumwambia asubiri, kwa sababu kati ya vipande hivyo vitatu kuna kimoja ambacho kikifutwa leo, kesho kompyuta haiwaki.

Nianze na lile la GB 256, kwani ndilo jepesi na halihusiani na kufichwa kwa kitu chochote. Watengenezaji wa diski huhesabu GB moja kuwa baiti bilioni moja kamili, ilhali Windows huhesabu kwa mafungu ya 1,024, kwa hiyo GB yake moja ni baiti 1,073,741,824. Gawanya baiti bilioni 256 kwa hesabu hiyo ya pili, nawe utapata takriban 238. Hakuna kilichoibwa, na hakuna cha kurudishwa. Diski ya GB 500 nayo huonekana kuwa na 465, na watu wengi huja dukani wakidhani wametapeliwa.

Kile kipande cha MB 100 ndicho patisheni (yaani kipande cha diski kilichotengwa) ya mfumo ya EFI. Unapobonyeza kitufe cha kuwasha, Windows bado haipo kazini. Kinachoamka kwanza ni programu iliyomo ndani ya ubao mama, iitwayo UEFI, nayo haijui kusoma NTFS, yaani mpangilio wa faili unaotumika kwenye C. Inachojua kwa hakika ni mpangilio wa zamani na mwepesi wa FAT, na ndiyo sababu kipande hiki kimewekwa kando kikiwa cha FAT32. UEFI huingia humo, hufuata folda ya EFI, kisha Microsoft, kisha Boot, na hapo huikuta faili iitwayo bootmgfw.efi. Faili hiyo husoma orodha ndogo inayoeleza Windows imelala katika patisheni gani, na ndipo inapoiita winload.efi iliyomo ndani ya C, ambayo nayo huuamsha mfumo wenyewe. Ukikifuta kipande hicho, picha na hesabu zako zote zitabaki salama ndani ya C, lakini hakutakuwa na wa kuifikia C. Kompyuta itakaa na skrini nyeusi ikisema haioni kifaa cha kuwakia. Huweza kutengenezwa upya, lakini utahitaji flashi ya Windows na mtu anayejua anachokifanya.

Kile cha MB 625 ndicho mazingira ya uokoaji ya Windows. Ndani yake mna faili moja kubwa, winre.wim, ambayo ni Windows ndogo iliyokunjwa. Windows kuu ikishindwa kuwaka mara mbili mfululizo, hii ndogo hujitokeza na ule ukurasa wa buluu unaokupa nafasi ya kurekebisha mwako, kuondoa sasisho lililoharibu mambo, au kuanza upya huku ukihifadhi faili zako. Kompyuta huwaka bila kipande hiki, ndiyo maana wengi hukifuta na kuona kwamba hakuna kilichoharibika. Hasara huonekana siku ya shida. Mtu anayekaa Faza au Kiwayu, ambaye fundi kwake ni safari ya boti, asikubali kamwe kukifuta kwa ajili ya MB 625, nafasi ambayo hata video moja ya simu huweza kuimaliza.

Kipande cha GB 15 ni jambo jingine. Hicho hakikuwekwa na Windows. Kiliwekwa na kiwanda kilichounda laptopu, na kwa kawaida hubeba nakala kamili ya Windows jinsi ilivyokuwa kompyuta ilipotoka kiwandani, pamoja na programu za kampuni. Kati ya vyote ulivyovitaja, hiki peke yake ndicho kinachoweza kujadiliwa.

Ama kuhusu kufichwa, neno hilo huwatisha watu bure. Kila patisheni katika diski za siku hizi imeandikiwa kitambulisho cha aina yake, na Windows ikiona kitambulisho cha mfumo au cha uokoaji, haikipi kipande hicho herufi. Basi. Hakuna ufunguo wala siri ndani yake. Lengo ni kwamba mtu asiingie kwa bahati mbaya akafuta faili asizozijua.

Kabla ya kuendelea, fungua dirisha la amri kwa mamlaka ya msimamizi, uandike reagentc /info, kisha utuletee kilichoandikwa mbele ya anwani ya mazingira ya uokoaji. Halafu fungua diskpart, andika select disk 0, na baada yake list partition. Amri hizo huonyesha tu, hazibadilishi chochote.

Mwalimu wa Kompyuta, Malindi

Masalkheri nyote. Fundi ameeleza vizuri, nami nitaongeza upande wa mpangilio wenyewe wa diski, kwa sababu watu wawili wanaweza kuwa na Windows ileile na bado wakaona vipande tofauti kabisa, kisha mmoja akafuata maelekezo yasiyomhusu.

Kuna mipango miwili ya kuigawa diski. Ule wa zamani, MBR, ulikuja na DOS 2.0 ya kompyuta za IBM mwaka 1983. Orodha yake ya vipande hukaa ndani ya sekta (kisehemu kidogo cha kuandikia data) ya kwanza kabisa ya diski, yenye baiti 512 tu, na humo mna nafasi ya patisheni kuu nne basi. Tena, idadi ya sekta huandikwa kwa biti 32, kwa hiyo diski yenye sekta za baiti 512 haiwezi kutumika kupita takriban TB 2. Mpango mpya, GPT, ulizaliwa pamoja na EFI, mtangulizi wa UEFI. Katika Windows unakubali patisheni 128, na huweka nakala ya pili ya orodha yake mwishoni mwa diski, ili ile ya mwanzo ikiharibika isiwe ndio mwisho wa kila kitu.

Mwenye kompyuta ya zamani yenye MBR hataona patisheni ya EFI. Ataona kipande kilichohifadhiwa kwa ajili ya mfumo, ambacho Windows 7 ilikipa MB 100, Windows 8 ikakipa 350, na Windows 10 ikakipa 500. Kazi ni ileile ya kuanzisha mwako, ila njia ni tofauti, na amri za kukirekebisha ni tofauti pia. Ukitaka kujua uko upande gani, andika msinfo32 na usome mstari unaotaja hali ya BIOS, yaani ile programu ya ubao mama: kama ni UEFI, uko katika mpango mpya. Laptopu iliyokubaliwa Windows 11 kwa njia halali itakuwa UEFI, kwa hiyo maelezo ya fundi yanamfaa binti yetu wa Langoni.

Sasa kuna jambo moja ambalo naomba lisipuuzwe. Mchoro wa diskmgmt.msc hauonyeshi vipande vyote. Katika GPT, Windows huweka patisheni nyingine ya akiba, isiyo na mpangilio wowote wa faili ndani yake, yenye MB 16 kuanzia Windows 10. Diskpart huionyesha, mchoro hauionyeshi. Maana yake ni kwamba hesabu za pande mbili hazilingani: kile unachokiona kuwa kipande cha nne katika mchoro, kwa diskpart ni cha tano. Mtu anayesoma mchoro kisha akaandika namba 4 katika diskpart, akidhani ameshika zile GB 15, atakuwa ameyashika mazingira ya uokoaji. Na diskpart, tofauti na programu nyingine, haikuulizi kama una hakika. Ukibonyeza kitufe cha kuingiza, imekwisha.

Bint Langoni, Lamu

Ahsanteni sana, fundi na mwalimu, Mungu awalipe. Nimefanya kama mlivyosema.

Reagentc inasema mazingira ya uokoaji yamewashwa, na anwani yake inaishia na harddisk0\partition4\Recovery\WindowsRE. Orodha ya diskpart ina tano kweli: ya kwanza MB 100, ya pili MB 16, ya tatu GB 222, ya nne MB 625, na ya tano GB 15. Msinfo32 imeandika UEFI.

Swali langu sasa ni hili: nikiamua kuiondoa hiyo ya tano peke yake, je, GB 15 zitaingia ndani ya C? Na nitajuaje kwa hakika kwamba ndani yake hamna kitu ninachokihitaji?

Fundi wa Mkomani, Lamu

Hazitaingia, dada, na hapa ndipo yule kijana alipokosea hesabu. Amri ya Windows ya kupanua patisheni hukubali tu nafasi tupu iliyogusana na patisheni hiyo upande wake wa kulia. Ni kama nyumba zetu za mji wa kale zilivyobanana ukuta kwa ukuta: ukitaka kuongeza chumba, kiwanja kitupu kilicho nyuma ya nyumba ya jirani hakikusaidii. Jirani wa C yako ni ile ya MB 625, na GB 15 ziko nyuma yake. Zikishafutwa, nafasi itakuwapo, lakini amri ya kupanua C itabaki imefifia.

Wapo watakaokwambia uifute na hiyo ya MB 625 ili kufungua njia, au utumie programu ya kuihamisha hadi mwisho wa diski. Ya kwanza sikushauri. Ya pili hufanyika, lakini Microsoft yenyewe inapendekeza patisheni ya uokoaji ikae mara tu baada ya ile ya Windows, ili siku mfumo ukihitaji kuikuza uweze kupunguza C kidogo na kuiongezea. Haya yalionekana Januari 2024, pale sasisho KB5034441 la Windows 10 lilipohitaji MB 250 tupu ndani ya patisheni ya uokoaji; kompyuta nyingi zilishindwa kulipokea na kutoa kosa 0x80070643, kwa sababu patisheni hiyo ilikuwa finyu. Iliyo mahali pake na yenye nafasi iachwe ilipo.

Njia rahisi kwako ni kutoigusa C kabisa. Ukishaondoa ya tano, nafasi yake igeuze kuwa patisheni mpya, uipe herufi D, kisha uhamishie humo folda za picha.

Kuhusu kilichomo ndani yake, katika diskpart andika select partition 5, halafu assign letter=R. Itajitokeza kwa muda kati ya diski zako, nawe utaweza kuitazama. Mara nyingi utakuta faili kubwa zinazoishia na .wim au .swm, ambazo ndizo vipande vya ile Windows ya kiwandani, pamoja na tarehe zake. Ukimaliza, andika remove letter=R.

Mwalimu wa Kompyuta, Malindi

Niongeze upande wa tahadhari, binti yangu, kwani hapa ndipo watu wanapoharakisha.

Kwanza, hesabu na picha za nyumba ya wageni zinakiliwe kwenye diski ya nje kabla ya kugusa chochote. Hiyo D utakayoitengeneza haiwezi kuhesabiwa kuwa nakala ya akiba, kwa kuwa C na D ni diski moja. Siku ikifa, zitakwenda pamoja.

Pili, angalia kama diski imefungwa kwa BitLocker, kinga ya Windows inayofunga data ya diski kwa ufunguo. Andika manage-bde -status. Ikiwa imefungwa, tafuta ufunguo wake wa kuokolea, ule wenye tarakimu 48, uuandike mahali nje ya kompyuta hiyo, maana mabadiliko katika mpangilio wa mwako huweza kuifanya Windows iudai kabla ya kufunguka. Kwa laptopu ya mtumba jambo hili ni zito zaidi: ufunguo unaweza kuwa umehifadhiwa katika akaunti ya mwenye kompyuta wa kwanza, na wewe humjui.

Tatu, tengeneza flashi ya uokoaji kwa kuandika recoverydrive, na utumie flashi ya GB 32 ili pasiwe na upungufu. Huifuta flashi yote, kwa hiyo iwe tupu. Ukiwa nayo, hata patisheni zote zikiharibika una pa kuanzia.

Nne, hakikisha betri imejaa na waya wa umeme umechomekwa. Umeme kukatika katikati ya kazi ya patisheni ni jambo la kuepukwa kwa kila njia.

Ukikuta kwamba GB 15 hizo zinabeba Windows 10 ya kiwandani, sioni sababu ya kuendelea kuzihifadhi. Msaada wa kawaida wa Windows 10 ulikoma tarehe 14 Oktoba 2025, kwa hiyo kuirudisha kompyuta katika hali ile ni kuirudisha katika mfumo usiopokea tena masasisho ya bure ya kawaida. Na hofu ya kupoteza leseni haina msingi kwa laptopu zilizotoka kiwandani na Windows 8 au matoleo yaliyofuata, kwani ufunguo wa leseni huwa umeandikwa ndani ya ubao mama, wala haumo katika patisheni hiyo. Utakachopoteza ni kile kitufe cha kampuni cha kuirejesha kompyuta katika hali ya kiwandani. Uokoaji wa Windows yenyewe, ule wa patisheni ya nne, utabaki ukifanya kazi.

Msafiri wa Mokowe

Naomba niongeze neno kwa wanaotumia Linux, mfumo mwingine wa kuendesha kompyuta, pamoja na Windows katika diski moja. Ile patisheni ya MB 100 hutumiwa na mifumo yote miwili kwa pamoja. Ukiitazama ndani utakuta folda ya Microsoft, na pembeni yake folda ya ubuntu au ya mfumo mwingine, kila moja ikiwa na faili zake za kuwashia. Kwa hiyo anayeiondoa Linux asiifute patisheni hiyo akidhani ni mali ya Linux, na anayesakinisha Linux asikubali iumbizwe upya, ama sivyo Windows haitawaka. Amri ya lsblk -f itakuonyesha ni ipi: ndogo, na imeandikwa vfat, yaani ule mpangilio wa FAT.

Bint Langoni, Lamu

Nimetazama ndani ya hiyo ya tano. Mna faili sita zinazoishia na .swm, zote za mwaka 2018, na folda moja yenye jina la kampuni. Faili zangu hazimo. BitLocker haijawashwa. Picha na hesabu nimekwisha kuzinakili kwenye diski ya nje, na flashi ya uokoaji iko tayari. Fundi, naomba amri zenyewe kwa mpangilio, na kama kuna njia nyingine ya kuipunguzia C mzigo, nitashukuru.

Fundi wa Mkomani, Lamu

Ni hizi, na uziandike moja moja, ukisoma jibu kabla ya kuandika inayofuata: diskpart, kisha list disk, kisha select disk 0, kisha list partition, kisha select partition 5. Hapo simama. Andika list partition kwa mara nyingine na utafute alama ya nyota upande wa kushoto. Lazima iwe kwenye mstari wa GB 15. Ikiwa iko kwenye mstari mwingine wowote, usiendelee. Ikiwa iko mahali pake, andika delete partition override. Neno hilo la mwisho ndilo linaloivuka kinga ya Windows, na ndilo linalofanya amri hii iwe hatari kwa asiyehakikisha. Na neno clean usiliandike kabisa, kwa maana hilo hufuta orodha ya patisheni ya diski nzima.

Ukitoka, fungua diskmgmt.msc. Utaona eneo lenye ukanda mweusi mwishoni mwa mchoro; libofye kulia, uunde patisheni mpya ya NTFS, uipe herufi D, na uwashe kompyuta upya ili uone kwamba kila kitu kiko sawa.

Kuhusu mzigo wa C, huenda utapata zaidi humo kuliko ulichokipata kwa kufuta. Fungua mipangilio ya hifadhi ya Windows na uangalie faili za muda na mabaki ya masasisho. Pia kuna faili fiche iitwayo hiberfil.sys, inayotumika pale kompyuta inapolala huku ikihifadhi kazi yako. Kwa kawaida huchukua asilimia 40 hivi ya ukubwa wa RAM (kumbukumbu ya muda ya kompyuta), yaani zaidi ya GB 3 kwa mashine ya GB 8. Amri ya powercfg /h off huiondoa. Lakini kama umezoea kufunika laptopu na kuikuta kesho yake kazi ikiwa wazi vilevile, iache.

Bint Langoni, Lamu

Imekamilika, alhamdulillahi. D ipo, picha zimehamia humo, na reagentc bado inasema uokoaji umewashwa kwenye partition4. Naomba kuuliza la mwisho: je, niipe ile ya EFI herufi ili niweze kuinakili pamoja na faili nyingine?

Mwalimu wa Kompyuta, Malindi

Usiipe herufi ya kudumu. Ikiwa na herufi, programu yoyote yenye mamlaka ya msimamizi huiona kama diski ya kawaida, na patisheni hiyo haina nafasi ya kubeba faili za ziada. Ikijaa, masasisho ya Windows huanza kukwama. Ukihitaji kuitazama, andika mountvol S: /S katika dirisha la msimamizi, na ukimaliza uandike mountvol S: /D ili herufi iondoke. Nakala yake haihitajiki, kwa sababu amri ya bcdboot C:\Windows, ikiandikwa kutoka kwenye ile flashi yako, huzirudisha faili za kuwashia Windows kwa kuzichukua ndani ya C. Ila ukiwa ndani ya flashi, hakikisha kwanza Windows iko chini ya herufi gani, maana huko herufi huweza kubadilika na C ikawa D.